Usajili wa baiskeli ya Ironman: Pima mgongo kwanza, mfuko baadaye

MASHABIKI wa soka wanamjua Luis Enrique kwa mataji. Alibeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Barcelona mwaka 2015, kisha akaibeba tena na PSG mwaka 2025 kwa kuichapa Inter Milan mabao 5-0 kwenye fainali kule Munich.

Ila kocha huyo ana upande mwingine usioonekana kwenye benchi la ufundi. Mwaka 2007, miaka mitatu baada ya kutundika daluga, Mhispania huyo aliingia kwenye Ironman ya Frankfurt, Ujerumani, na kumaliza kwa muda wa zaidi kidogo ya saa 10. Baiskeli hajaiacha hadi leo. Septemba 2025 alianguka nayo, akavunjika mtulinga na kufanyiwa upasuaji.

Kwa asiyeujua mchezo huo, Ironman ni triathloni ya masafa marefu. Unaogelea kilomita 3.8, unaendesha baiskeli kilomita 180, halafu unakimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Vyote ndani ya siku moja, na kwa kawaida ukivuka saa 17 umeshatolewa.

Ipige hesabu kwa macho ya huku kwetu. Kuogelea kule ni sawa na kuuzunguka uwanja wa riadha mara tisa na nusu, tofauti ni kwamba uko majini. Baiskeli ni karibu na safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro. Na ukifika Morogoro, ndiyo kwanza unavaa raba uanze kukimbia.

Katika vipande hivyo vitatu, baiskeli ndiyo inayokula muda mrefu zaidi, na ndiyo inayokula mkwanja mrefu zaidi. Baiskeli mpya iliyoundwa maalumu kwa triathloni inaanzia kama dola 3,000, na zile za juu kutoka kampuni kama Canyon, Cervélo, Trek na Specialized zinavuka dola 10,000. Ukikadiria dola moja kwa Sh2,500, hiyo ni kuanzia Sh7.5 milioni hadi zaidi ya Sh25 milioni, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Kwa hiyo pesa ya juu, mtu mwingine anaweka bodaboda kadhaa barabarani.

Ndiyo maana kununua baiskeli hii hakuna tofauti na usajili wa klabu. Unaweza kushusha straika mwenye jina kubwa, picha zikasambaa, jezi zikauzwa, halafu msimu ukaisha hana bao kwa sababu haendani na mfumo wako. Kwa baiskeli mambo ni yaleyale, tofauti ni kwamba anayepata hasara ni wewe mwenyewe, mgongo wako na akiba yako.

KWA NINI SIYO BAISKELI YA KAWAIDA

Ipo hivi. Kwenye mashindano kama Tour de France, waendesha baiskeli wanakwenda kwa kundi. Anayekaa nyuma ya mwenzake anakingwa upepo na anatumia nguvu kidogo. Ironman ujanja huo ni marufuku. Mshiriki wa kawaida anatakiwa kuacha mita 12 kati yake na aliye mbele, na akikutwa anajificha mgongoni mwa mwenzake, anaonyeshwa kadi ya bluu na kwenda kukaa dakika tano kwenye hema la adhabu.

Maana yake ni kwamba unapambana na upepo peke yako kwa kilomita 180, na upepo hauna huruma. Ukitaka kwenda kwa kasi mara mbili, nguvu ya kupambana nao inapanda mara nane. Kingine ambacho wanunuzi wengi hawakijui ni kwamba sehemu kubwa ya upepo huo haiipigi fremu, inampiga mtu aliyekaa juu yake.

Wahenga walishasema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kwenye mchezo huu msemo huo unachukuliwa kama ulivyo. Anayeinama vizuri ndiye anayepita kwenye upepo kwa gharama ndogo.

Ushahidi mzuri ni Tour de France ya mwaka 1989. Mmarekani Greg LeMond aliingia siku ya mwisho akiwa nyuma ya Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 50, zikiwa zimebaki kilomita 24.5 tu kutoka Versailles hadi Paris, kila mtu akikimbia na saa peke yake. LeMond alifunga mbele ya usukani wake kifaa cha kulalia viwiko, kitu ambacho wanatriathloni walikuwa wameshaanza kukitumia. Fignon hakukifunga. Matokeo yake LeMond alilipa deni lote na kubeba taji kwa tofauti ya sekunde nane. Dunia nzima ya baiskeli ikaamka.

Katika miaka hiyohiyo, Mmarekani Dan Empfield, mwanzilishi wa kampuni ya Quintana Roo, alikuja na baiskeli iliyoundwa kwa ajili ya triathloni. Siri yake ilikuwa kwenye siti. Kwenye baiskeli ya kawaida ya mashindano, bomba la siti limelala kwa nyuzi kama 73. Kwenye ya triathloni limesimama zaidi, nyuzi 76 hadi 80, hivyo mwendeshaji anasogea mbele. Hapo anaweza kulala chini bila magoti kumgonga kifuani, na nyonga zinabaki na nafasi ya kufanya kazi.

Nyonga hizo ndizo zitakazokimbia marathoni muda mfupi baadaye.

KUONGOZA BAISKELI SIYO KUSHINDA

Shabiki wa soka anaijua timu inayomiliki mpira kwa asilimia 70, inapiga mashuti 20, halafu inafungwa bao moja. Ironman nayo ina mechi za namna hiyo.

Oktoba 2022 kwenye mashindano ya dunia kule Kona, Hawaii, Mfaransa Sam Laidlow aliweka rekodi ya baiskeli ya njia ile na kushuka akiwa anaongoza. Kwenye marathoni, Gustav Iden wa Norway alimfuata taratibu, akamkamata na kumpita, akabeba taji. Laidlow akaambulia nafasi ya pili.

Mwaka 2024 Laidlow alirudi Kona na kufanya makubwa zaidi. Alimaliza baiskeli chini ya saa nne, rekodi mpya. Ila miguu ilikataa kwenye kukimbia, akaporomoka hadi nje ya 10 bora, na Mjerumani Patrick Lange akashinda kwa saa 7 na dakika 35.

Laidlow siyo mtu wa kubezwa, mwaka 2023 alikuwa bingwa wa dunia kule Nice, Ufaransa. Lakini kama mtaalamu wa kiwango chake anaweza kuishiwa baada ya kuitawala baiskeli, mtu anayefanya kazi ofisini Jumatatu hadi Ijumaa anatakiwa kujiuliza swali moja kabla ya kulipa. Baiskeli hii itaniacha na miguu ya kukimbilia?

VIPIMO KABLA YA KUSAINI

Hakuna klabu inayojielewa inayomsaini mchezaji bila vipimo vya afya. Mnunuzi wa baiskeli naye anatakiwa kuanza na vipimo vya mwili wake, siyo na rangi ya fremu.

Kosa la kawaida ni kununua kwa herufi. Mtu anasema, "Mimi ni M," kama anachagua fulana. M ya kampuni moja inaweza kuwa ndefu au fupi kuliko M ya kampuni nyingine. Vipimo vya kuangalia ni viwili, na kwenye karatasi za kampuni vinaandikwa stack na reach. Cha kwanza ni kimo cha fremu kutoka kwenye mhimili wa pedeli hadi juu pale usukani unapoingilia. Cha pili ni umbali wa kwenda mbele kutoka kwenye mhimili huo hadi usawa wa hapohapo.

Kimo kikiwa kifupi kuliko mwili wako unavyoweza kuinama, shingo na kiuno vitalia kabla ya kilomita 60. Umbali wa mbele ukiwa mrefu, utajinyoosha kama mtu anayechungulia kisimani, na mabega yatakufa ganzi.

Njia nzuri ni kupimwa na fundi anayejua kazi hiyo, kabla ya kununua. Asipopatikana karibu, funga baiskeli yoyote ya mashindano kwenye kifaa cha kufanyia mazoezi ndani, weka simu ubavuni ikurekodi, kaa kwenye mkao wa kulala na kanyaga kwa nusu saa. Video itaonyesha kama mgongo umejikunja, kama magoti yanapiga tumbo, au kama unajivuta mbele na nyuma kwenye siti. Mwili unaohangaika ndani ya nusu saa utahangaika zaidi ndani ya saa sita.

Kumbuka pia kwamba mkao wa chini kabisa siyo lazima uwe mkao wa haraka. Kama unainuka kila baada ya dakika tano kunyoosha mgongo, upepo unakupiga kifua kizima. Bora mkao wa juu kidogo unaoukaa saa nzima bila kulalamika.

ANGALIA RATIBA YA MECHI

Kocha hapangi kikosi kabla ya kujua anacheza wapi. Baiskeli nayo inachaguliwa kwa njia utakayopita.

Kona ina barabara ndefu zilizo wazi katikati ya mawe meusi ya volkano, na upepo wa ubavuni unaoweza kumyumbisha mtu. Ndiyo maana kule gurudumu la nyuma lililozibwa lote kama sinia haliruhusiwi, ingawa sehemu nyingine ni silaha ya haraka.

Nice ni habari nyingine, ni milima. Mwaka 2019, Iden huyohuyo alishinda mashindano ya dunia ya nusu Ironman kwenye milima hiyo akiwa juu ya baiskeli ya kawaida ya barabarani, wakati wapinzani wengi wakiwa na zile maalumu za triathloni. Baiskeli ya kawaida ni nyepesi kupanda nayo na inatii zaidi kwenye kona za kushuka. Hakufuata mkumbo, alisoma uwanja.

Kwa watu wa Afrika Mashariki, somo hilo liko jirani. Rwanda iliandaa nusu Ironman yake ya kwanza Agosti 2022 huko Rubavu, kando ya Ziwa Kivu, kwa kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90 na kukimbia 21.1. Nchi ya vilima elfu haihitaji maelezo mengi. Anayelenga kwenda huko aulizie kwanza gia za kupandia na breki za kushukia, ndipo aulize habari za upepo.

Pia usichanganye madesa. Septemba 2025 mashabiki waliojipanga barabarani Kigali waliona baiskeli zinazofanana na hizi, siku Remco Evenepoel wa Ubelgiji alipompita Tadej Pogacar aliyeondoka kabla yake na kubeba taji la dunia la mbio dhidi ya saa. Baiskeli zile zinafuata sheria za shirikisho la baiskeli duniani. Za triathloni zina uhuru zaidi wa umbo, kwa hiyo zinaweza kujengewa vihifadhi vya maji na chakula ndani ya fremu. Na kama ndoto yako ni triathloni ya Olimpiki, huko kukaa mgongoni mwa mwenzako kunaruhusiwa na baiskeli ni ya kawaida. Hii ya mamilioni itabaki hotelini.

PANCHA HAIANGALII JINA

Mwaka 2005 Mjerumani Normann Stadler alikwenda Kona kutetea ubingwa wake. Akapata pancha. Tairi lake lilikuwa la kubandika kwa gundi, na gundi ilishika kiasi kwamba hakuweza kulibandua. Mbio zake zikaishia hapo. Mwaka uliofuata alirudi na kulichukua tena taji.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2008, Mwingereza Chrissie Wellington naye alipata pancha akitetea taji lake palepale Kona. Mitungi yake midogo ya gesi ya kujazia upepo ikagoma. Alisimama kando ya barabara hadi Rebekah Keat wa Australia, mpinzani wake, alipopita na kumrushia mtungi wake. Wellington akajaza, akaondoka na kushinda.

Mnunuzi ajifunze hapo. Kabla ya kulipa, toa gurudumu mwenyewe na lirudishe. Jaribu kufungua tairi kwa mikono yako. Uliza kama tyubu na tairi za saizi hiyo zinapatikana unakoishi. Kingine ni kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu. Karibu kila fremu ina cha kwake, na kikipinda kwenye ndege hakuna duka la mtaani litakalokusaidia. Nunua cha akiba siku hiyohiyo.

Suala la ndege nalo siyo dogo. Fremu nyingi za kisasa zimeficha nyaya na mabomba ya breki ndani ya usukani. Zinapendeza, ila kuzifungasha kwenye boksi ni shughuli pevu. Ambaye mashindano yake yote yatakuwa ya kusafiri achague usukani unaofunguka kwa spana chache bila kugusa mafuta ya breki.

MKWANJA UANZIE WAPI

Ukishajua mwili wako na njia yako, ndipo unapanga bajeti. Fedha ya kwanza iende kwenye kupimwa na kurekebishiwa mkao, kwa sababu mwili ndio unaokamata upepo mwingi.

Ya pili iende kwenye tairi. Tairi zuri la mashindano ni bei ndogo ukilinganisha na fremu, na linapunguza msuguano kila mita ya zile kilomita 180. Siku hizi wengi wametoka kwenye tairi nyembamba za milimita 23 na kwenda 25 hadi 28, zenye upepo wa wastani badala ya kujazwa hadi kugongagonga. Hakikisha fremu unayoitaka ina nafasi ya kuzimeza.

Baada ya hapo njoo helmeti iliyochongwa kwa ajili ya upepo na nguo inayobana mwili, kisha magurudumu yenye rimu pana. Fremu ya bei mbaya na gia za umeme zinakuja mwisho. Gia hizo zina faida, kwani unabadilisha kwa kitufe bila kuinuka kwenye mkao, lakini betri ikiisha katikati ya safari unabaki na gia moja ya kujuta nayo.

Usisahau jiko. Mtu anayekaa saa tano au sita barabarani lazima ale na kunywa akiwa juu ya baiskeli, tena bila kuachia mkao. Fremu yenye jina kubwa isiyo na pa kuweka chupa mbili tatu za kutosha haifai kwa masafa haya.

Na kwa anayeanza, kuna njia ya kati. Chukua baiskeli ya kawaida ya mashindano unayoimudu, funga kifaa cha kulalia viwiko kama alivyofanya LeMond, sogeza siti mbele kidogo na shindana nayo msimu mmoja. Ukimaliza utakuwa unajua mwili wako unataka nini, na hakuna muuzaji atakayekudanganya.

MTUMBA NAO UMO

Wengi watanunua iliyotumika, na hakuna aibu. Fremu nzuri ya miaka michache nyuma, ikikukaa vizuri, inaweza kuizidi mpya isiyokukaa.

Ila kaboni siyo chuma. Chuma kikipigwa kinabonyea na unakiona. Kaboni inaweza kupasuka kwa ndani huku rangi ya nje ikicheka. Mulika kwa tochi kuzunguka mhimili wa pedeli, kwenye uma wa mbele na pale bomba la siti linapobanwa. Gongagonga kwa sarafu, sehemu inayotoa mlio mfu tofauti na jirani yake ina tatizo. Jaribu kupandisha na kushusha siti, ikiwa imeganda achana nayo. Omba risiti na linganisha namba ya fremu, maana baiskeli za bei hii huibwa sana.

DIRISHA LINAFUNGWA LINI

Mchezaji aliyesajiliwa usiku wa mwisho hawezi kuzoeana na wenzake kesho yake asubuhi. Baiskeli mpya inataka angalau miezi mitatu kabla ya mashindano ili misuli izoee pembe mpya na siti ipate mahali pake. Kubadilisha kitu wiki ya mashindano ni kujitafutia balaa.

Jaribio la mwisho ni rahisi na halina gharama. Endesha saa tatu hadi nne kwenye mkao wa mashindano, shuka, vaa raba na kimbia kilomita tano hapohapo. Kama unakimbia kama mtu, usajili umelipa. Kama kiuno kinakushika na miguu imekuwa magogo, usikimbilie dukani kutafuta fremu ya bei kubwa zaidi. Rudi kwa fundi, shusha au pandisha, sogeza mbele au nyuma, halafu jaribu tena wiki inayofuata.